Lori hupimwa mizani, saa za muuguzi hazipimwi

Lori linaloondoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Rusumo hupimwa Vigwaza, hupimwa Njuki na hupimwa tena kabla halijafika mpakani. Linaloondoka Mombasa kwenda Malaba hukutana na mizani ya Mariakani, Mlolongo, Gilgil na Webuye. Hakuna mfanyabiashara wa njia hizo asiyezijua tani 56, kikomo cha juu cha gari pamoja na shehena yake chini ya Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016. Anayezidisha hulipa. Haimsaidii kueleza kwamba mteja anasubiri, wala kwamba mzigo ni nyanya na zitaoza.

Serikali za ukanda zilikubaliana juu ya kipimo hicho kwa sababu rahisi. Barabara ikivunjika Singida, gharama ya kusafirisha mzigo inapanda hadi Bujumbura. Kilichoharibika upande mmoja hulipiwa na wote.

Lakini lori hilohilo likipinduka saa nane za usiku, dereva na utingo wake hupelekwa hospitali ambako hakuna anayejua kwa uhakika muuguzi anayewapokea amekuwa kazini kwa saa ngapi. Huenda ni saa 6. Huenda ni saa 20. Hakuna mizani njiani kwake, na hakuna sheria ya Jumuiya inayosema hapa ndipo mwisho. Gazeti hili linaona kwamba umefika wakati kikomo hicho kiwekwe, kiwe kimoja kwa nchi zote wanachama, na kianze kutekelezwa katika hospitali, vituo vya afya na madawati ya afya ya mipakani.

Hasara inafika sokoni

Saa za kazi za wahudumu wa afya huonekana kuwa jambo la wizara na vyama vya wafanyakazi. Mfanyabiashara anayevuka mpaka ana sababu za kutoliacha mikononi mwao peke yao.

Sababu ya kwanza ni migomo. Desemba 2016 madaktari wa hospitali za umma nchini Kenya waliacha kazi, na walirudi Machi 2017 baada ya siku 100. Kiini cha mgogoro kilikuwa makubaliano ya pamoja yaliyosainiwa mwaka 2013 na kukaa bila kutekelezwa. Juni 2017 wauguzi nao waligoma kwa takribani miezi mitano. Mwaka 2024 madaktari waligoma tena kwa siku 56. Tanzania ilikuwa na mgomo wake mwaka 2012, ambapo posho ya kuitwa kazini nje ya saa ilikuwa miongoni mwa madai. Uganda ilikuwa na wake Novemba 2017. Katika vichwa vya habari kilichotajwa kwanza ni mshahara, lakini mshahara hautenganishwi na saa. Mtu anayelipwa mwezi mmoja na kufanya kazi ya karibu miezi miwili atadai, leo au kesho.

Hospitali ya umma inapofungwa, mwenye duka, mama wa vitenge na dereva wa lori huingia mfukoni kulipa hospitali binafsi. Wapo wanaovuka mpaka kutafuta matibabu, na huko mara nyingi bima ya nyumbani haipokelewi. Fedha hiyo hutoka kwenye mtaji.

Sababu ya pili ni mpaka wenyewe. Anayepita Namanga, Malaba au Rusumo anakutana na ofisa wa afya anayekagua kadi ya njano na kuuliza kuhusu homa. Mwaka 2020, wakati wa vipimo vya UVIKO-19, foleni ya malori Malaba na Busia ilifika makumi ya kilomita, na mzigo uliokuwa ukisubiri majibu ya maabara ulikuwa wa wafanyabiashara. Vituo vya Huduma kwa Pamoja Mpakani vilijengwa ili mizigo ipite usiku na mchana. Forodha ikikesha na dawati la afya likawa na watu wachache waliochoka, mpaka wa saa 24 unabaki jina tu.

Sababu ya tatu ni ya kila mtu: siku moja atalala kitandani, na uhai wake utategemea kama aliyeshika sindano amelala au hajalala.

Sheria zipo, zinatofautiana

Si kweli kwamba ukanda huu hauna sheria za saa za kazi. Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 kwa wiki na saa 9 kwa siku. Saa za ziada zisizidi 50 katika mzunguko wa wiki nne, na zilipwe angalau mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Hata kwa makubaliano, zamu isizidi saa 12. Anayefanya kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ana nyongeza ya asilimia 5. Baada ya siku ya kazi anastahili mapumziko ya saa 12 mfululizo. Sheria hiyo inawahusu pia watumishi wa umma, isipokuwa wa vyombo vya ulinzi na usalama vilivyotajwa ndani yake.

Uganda, Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inaweka saa 48 kwa wiki, na malipo ya mara moja na nusu kwa saa za ziada, mara mbili siku za sikukuu. Kwa wanaofanya kazi za zamu inaruhusu saa kuzidi wiki moja na kupungua nyingine, mradi wastani wa wiki tatu usivuke saa 56. Kenya, amri ya jumla ya mishahara inataja saa 52 kwa wiki ya siku sita. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, sheria ya kazi ya mwaka 2002 inataja saa 45. Rwanda ilishusha saa rasmi za kazi hadi 40 kwa wiki kuanzia Januari 1, 2023.

Kwa hesabu hiyo, mtu anayevuka kutoka Gatuna kwenda Katuna anaacha wiki ya saa 40 na kuingia katika wiki ya saa 48. Akiendelea hadi Busia upande wa Kenya, amefika kwenye 52. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inataka wafanyakazi wavuke mipaka kwa uhuru. Haikuwapa kipimo kimoja cha siku ya kazi.

Hata hivyo tofauti za tarakimu si tatizo kubwa kuliko yote. Tatizo ni kwamba hospitali ina mlango wa kutokea, na mlango huo unaitwa dharura.

Sheria ya Tanzania inasamehe mipaka ya saa pale inapotokea dharura iliyo nje ya uwezo wa watumishi wa kawaida. Ni kifungu cha busara. Basi likianguka na majeruhi 40 wakaletwa kwa mkupuo, hakuna muuguzi atakayeangalia saa ya ukutani na kuondoka. Mlipuko wa Ebola au kipindupindu ni vivyo hivyo. Lakini ikama isiyojazwa, inayojulikana tangu siku bajeti ilipoandikwa, haiwezi kuitwa dharura. Mwanamke kujifungua saa tisa usiku si tukio lisilotarajiwa; hutokea kila usiku, katika kila wilaya. Zamu inayorefushwa kila wiki kwa sababu ileile ni upungufu wa watumishi, na jina la dharura limetumika kuuficha.

Kuna jambo lingine. Nchini Tanzania huduma za afya zimewekwa katika orodha ya huduma muhimu ambazo watumishi wake hawaruhusiwi kugoma kama wafanyakazi wengine. Sababu inaeleweka, kwa kuwa mgonjwa hawezi kusubiri mazungumzo yaishe. Lakini sheria inayomfungia mtu mlango wa mgomo inapaswa kumfungulia mwingine. Mlango huo ni kikomo cha saa kinachosimamiwa na mtu wa tatu, si na mwajiri peke yake.

Hesabu ya kiti kimoja

Wafanyabiashara hupenda hesabu, na hesabu hii si ngumu. Wiki ina saa 168. Kiti kimoja cha muuguzi katika wodi, ambacho hakipaswi kuwa wazi usiku wala mchana, kinahitaji saa zote hizo. Muuguzi wa saa 45 kwa wiki anajaza sehemu tu. Ukigawa 168 kwa 45 unapata 3.7. Kwa hiyo kiti kimoja kinahitaji watu wanne, kabla ya kuhesabu likizo, uzazi, mafunzo na ugonjwa.

Chukua wodi yenye viti viwili na wauguzi wanne. Saa zinazohitajika ni 336 kwa wiki, na kila muuguzi anabeba 84. Amezidisha saa 39 kila wiki, yaani 156 katika wiki nne, wakati sheria ya Tanzania inaruhusu 50. Kama lingekuwa lori, lingezuiwa mizani ya kwanza.

Sasa iangaliwe gharama. Wauguzi hao wanne kwa pamoja wana saa 624 za ziada katika wiki nne. Zikilipwa mara moja na nusu, malipo yake ni sawa na saa 936 za kawaida, ambayo ni mishahara ya zaidi ya wauguzi watano. Lakini saa hizo 624 zingeweza kujazwa na wauguzi watatu na nusu kwa malipo ya kawaida. Yaani saa za ziada zikilipwa kihalali, ni ghali kuliko kuajiri. Mhasibu yeyote angeliona hilo kwa dakika tano.

Kwa nini basi halionekani? Kwa sababu saa hizo hazilipwi kwa hesabu. Hulipwa kwa posho ya mafungu, au hulipwa kwa kuchelewa, au hazilipwi kabisa. Kitu cha bure hakina bei, na kisicho na bei hutumika ovyo. Hazina inaamini imeokoa fedha, kumbe imekopa kutoka kwenye usingizi wa muuguzi, na deni hilo atakuja kulilipa mgonjwa.

Kinachotokea mwili unapochoka

Wapo wanaosema uuguzi na udaktari ni wito, na mwenye wito hahesabu saa. Maneno hayo yana heshima yake, ila wito haumwongezei mtu usingizi.

Mwaka 1997 watafiti wa Australia walionyesha katika jarida la Nature kwamba mtu aliyekesha saa 17 hufanya kazi za umakini kama mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu, na aliyekesha saa 24 kama mwenye asilimia 0.10. Kikomo cha dereva nchini Tanzania na Uganda ni asilimia 0.08. Kwa kipimo hicho, daktari aliyekesha siku nzima asingeruhusiwa kuendesha gari, lakini anaruhusiwa kushona utumbo.

Mwaka 2004 utafiti uliofanywa katika vyumba vya wagonjwa mahututi vya hospitali ya Boston, Marekani, ulilinganisha madaktari wa mafunzoni waliokuwa na zamu ndefu za zaidi ya saa 24 na waliofupishiwa. Waliokuwa na zamu ndefu walifanya makosa makubwa ya tiba kwa asilimia 36 zaidi. Mwaka uliofuata watafiti wa kundi hilohilo waligundua kwamba daktari anayetoka zamu ya namna hiyo yuko katika hatari zaidi ya mara mbili ya kupata ajali ya gari akirudi nyumbani.

Uchovu humrudia pia mhudumu mwenyewe. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walikadiria kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kunaongeza hatari ya kiharusi kwa asilimia 35, ikilinganishwa na saa 35 hadi 40. Muuguzi wa saa 84 ameivuka mipaka yote hiyo.

Barabarani jambo hili lilishaeleweka. Sheria ya Kenya inakataza dereva wa gari la abiria au la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 ndani ya saa 24. Nchini Tanzania mabasi ya safari ndefu hutakiwa kuwa na madereva wawili wa kupokezana. Abiria anayeona dereva mmoja ametoka naye Mwanza hadi Dar es Salaam bila kupokewa usukani atalalamika. Mgonjwa hana namna ya kujua alalamike nini, wala kwa nani.

Hoja za upande wa pili

Hoja ya kwanza dhidi ya kikomo ni upungufu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilisema ukanda wa Afrika ulikuwa na wastani wa madaktari, wauguzi na wakunga 1.55 kwa kila watu 1,000, wakati kinachohitajika ni 4.45. Ukipunguza saa za waliopo, wanauliza watetezi wa hali ya sasa, nani atakaa wodini?

Swali ni la haki, na lina jibu. Kenya, Uganda na Tanzania zote zina vijana waliosomea uuguzi, utabibu na udaktari wanaozunguka na vyeti wakitafuta ajira. Penye miti hakuna wajenzi. Upungufu wa sehemu kubwa ni wa nafasi za ajira zilizoidhinishwa na kulipiwa. Saa za ziada za bure ndizo zinazoziba pengo hilo mwaka baada ya mwaka, na kuifanya hazina isione haja ya kuajiri.

Isitoshe, waliopo hawafungwi kamba. Mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kupeleka wauguzi wa Kenya kufanya kazi Uingereza, nchi ambayo sheria yake inaweka wastani wa saa 48 kwa wiki, na mtu hawezi kuzidishiwa bila kuridhia mwenyewe kwa maandishi. Anayeondoka hafuati mshahara peke yake. Hufuata pia ratiba inayomwezesha kulea watoto wake.

Hoja ya pili inatoka kwa madaktari wenyewe. Zamu zikifupishwa, wanasema, mgonjwa hupita mikono mingi, na kila kukabidhiana ni nafasi ya kusahau jambo. Hoja hii haipaswi kudharauliwa. Tafiti mbili kubwa za Marekani, zilizochapishwa mwaka 2016 na 2019, hazikuona tofauti kubwa katika vifo vya wagonjwa kati ya hospitali zilizofupisha zamu za madaktari wa mafunzoni na zilizoziachia zirefuke. Lakini hospitali zote hizo, za pande zote mbili, zilikuwa chini ya kikomo cha wastani wa saa 80 kwa wiki. Tafiti hizo zinafundisha kwamba kufupisha zamu peke yake hakutoshi, na kwamba kukabidhiana kunahitaji muda na maandishi. Haziungi mkono zamu zisizo na mwisho.

Hoja ya tatu ni fedha. Ndiyo, kikomo kitagharimu. Ajira mpya hulipwa kwa kodi, na hospitali binafsi zitatazama ada zao. Mfanyabiashara asidanganywe juu ya hilo. Lakini analipa hata sasa, kwa migomo, kwa foleni za mpakani, kwa mgonjwa aliyerudishwa wodini kwa sababu ya kosa lililoweza kuepukwa. Ni afadhali kulipa gharama inayoonekana kwenye daftari kuliko ile inayojificha.

Mambo saba ya kukubaliana

Hakuna haja ya kubuni kila kitu upya. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mwaka 1977 mkataba wa wauguzi pamoja na pendekezo linaloufafanua. Pendekezo hilo linasema siku ya kazi, pamoja na saa za ziada, isizidi saa 12, na kati ya zamu na zamu kuwe na mapumziko ya saa 12 mfululizo. Huo ni msingi mzuri, na unafanana na sheria ya Tanzania. Baraza la Kisekta la Mawaziri wa Afya la Jumuiya linaweza kuanzia hapo, na Bunge la Afrika Mashariki likatunga sheria kama lilivyotunga ya uzito wa magari.

La kwanza ni daftari. Kila hospitali, ya umma au binafsi, iandike saa ya kuingia na ya kutoka ya kila mhudumu, na daftari hilo likaguliwe na ofisa wa kazi na tawi la chama cha wafanyakazi. Bila hilo mengine yote ni maneno.

La pili ni kikomo cha zamu cha saa 12 na mapumziko ya saa 12 kwa wauguzi, wakunga, matabibu na watu wa maabara.

La tatu ni madaktari wa mafunzoni, ambao ndio hubebeshwa zaidi kwa kuwa hawana sauti. Kwao inafaa kwenda kwa hatua. Afrika Kusini ilishusha kazi ya mfululizo ya madaktari wa aina hiyo kutoka saa 30 hadi 26, mbili za mwisho zikiwa za kukabidhiana. Ukanda huu unaweza kuanza hapo na kupanga mwaka wa kushuka zaidi.

La nne ni kuitwa kazini. Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua mwaka 2000, katika kesi ya madaktari wa Hispania, na tena mwaka 2003, katika kesi ya daktari wa Ujerumani, kwamba muda ambao daktari analazimika kukaa hospitalini akisubiri kuitwa ni muda wa kazi, hata akilala. Jumuiya ichukue msimamo huohuo. Anayesubiri nyumbani alipwe posho ya kusubiri, na saa zihesabiwe pale anapoitwa.

La tano ni dharura. Itajwe ni nini, iandikwe ilipoanza na ilipoisha, na mhudumu arudishiwe mapumziko yake ndani ya siku chache. Hospitali inayoandika dharura kila wiki itume maelezo wizarani.

La sita ni malipo. Mara moja na nusu, kwenye mshahara wa mwezi uleule, au muda wa mapumziko kwa hiari ya mhudumu. Saa za mwajiri wa pili nazo zihesabiwe, kwa kuwa wengi hutoka hospitali ya serikali jioni na kuingia zahanati binafsi usiku. Ni vigumu kuwalaumu wakati posho zao zinachelewa, lakini mwili ni mmoja.

La saba ni adhabu. Mizani haitozi faini ekseli. Humtoza mwenye gari. Vivyo hivyo, saa zikizidi, atakayejibu awe mwajiri na si muuguzi aliyekubali kubaki kwa kuwa hakuna wa kumpokea.

Pa kuanzia ni Namanga, Busia, Malaba, Mutukula, Rusumo, Kabanga na vituo vingine kama hivyo, pamoja na hospitali za karibu zinazopokea majeruhi wa barabara kuu. Huko nchi mbili zinafanya kazi chini ya paa moja, na ni rahisi kuona nani anakesha na nani hajapumzika. Tume ya Utafiti wa Afya ya Afrika Mashariki, iliyo Bujumbura, ikusanye saa hizo kwa mwaka mmoja na kuziweka hadharani, nchi kwa nchi.

Jumuiya za wafanyabiashara nazo zina nafasi yao. Huwa zinakaa na mawaziri kuzungumzia tozo, stempu na vizuizi vya barabarani. Katika vikao hivyo ziongeze swali moja: dawati la afya la mpaka huu lina watu wangapi kwa saa 168 za wiki? Waziri asiyeweza kulijibu atakuwa amejibu.

Wazee wa biashara wana msemo kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Saa za wahudumu wa afya ni mali ya ukanda huu, na zimekuwa zikipotea hivyo kwa miaka mingi. Kazi ya kwanza ya mawaziri wa afya ni kuleta daftari.